Kulabu ya Pili

*Wiki mbili baada ya Makumbusho ya Gisozi kufunguliwa, mkataba uliotiwa saini Nairobi uliwakataza raia wa ukanda huu hata bunduki zinazotoa risasi moja moja. Mtambo wa bunduki wenyewe unaeleza sababu.*

Barabara inayopanda Gisozi kutoka Kinamba inapita kwanza kwenye Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali, bustani tulivu yenye makaburi ya pamoja walimolazwa watu zaidi ya 250,000. Ukiendelea kupanda, ukimya unakatika. Hapo ni Gakiriro, soko la mafundi: mbao zinapasuliwa, mageti yanachomelewa, na kwenye meza za maduka ya vifaa vya ujenzi yamepangwa makomeo, bawaba, vitasa na springi za kila ukubwa. Komeo la geti likilazwa kiganjani ni kitu cha kawaida kabisa. Kuna ulimi wa chuma, kuna mkato unaoupokea, na kuna springi inayousukuma urudi mahali pake. Vitu vitatu vya namna hiyohiyo vimo ndani ya bunduki ya kivita, juu kidogo ya kidole cha anayeishika, na ndivyo vinavyoamua kama kubonyeza mara moja kutatoa risasi moja au thelathini.

Jambo hilo la kifundi limebeba mzozo wa sheria. Makumbusho ya Gisozi yalifunguliwa rasmi tarehe 7 Aprili 2004, miaka kumi kamili tangu mauaji yaanze. Wiki mbili baadaye, 21 Aprili, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Rwanda ikiwamo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo na nyepesi. Kifungu chake cha tatu kinazitaka serikali ziwakataze raia kabisa kumiliki bunduki za rashasha na, pamoja nazo, bunduki zinazojipakia zenyewe lakini hutoa risasi moja kwa kila mbonyezo. Kwa lugha ya taarifa za polisi wa Tanzania, marufuku hiyo haikuishia kwenye SMG, yaani rashasha. Iliikumba na SAR, ile ya moja moja. Nchi nyingi duniani huchora mstari katikati ya hizo mbili, na wapo wanaosema Nairobi ilizidisha. Makala haya yanashikilia kwamba mstari uliwekwa mahali pake. Ushahidi uko sehemu mbili, kwanza katika chuma chenyewe, halafu katika mwaka 1994 ukisomwa kwa makini kuliko unavyosimuliwa.

Makomeo matatu

Tuanze na kile ambacho bunduki zote mbili hufanya kwa pamoja. Kidole kinapobonyeza kifyatulio, kulabu inaachia nyundo ndogo iliyokuwa imekabwa na springi. Nyundo inagonga pini, pini inagonga kitako cha risasi, baruti inawaka. Gesi inayozaliwa inasukuma kichwa cha risasi ndani ya mtutu, na katika bunduki za jamii ya Kalashnikov sehemu ndogo ya gesi hiyo inachepushwa kupitia tundu lililo juu ya mtutu ili isukume pistoni kurudi nyuma. Pistoni inarudi na bolti, bolti inatupa ganda tupu nje na kuilaza nyundo chini upya, kisha springi kubwa inairudisha bolti mbele ikiwa imezoa risasi mpya kutoka kwenye magazini. Yote hayo huisha ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. G3 ya Kijerumani, ambayo askari wengi wa Afrika Mashariki wameibeba mabegani, haina pistoni ya gesi. Bolti yake ina rola mbili zinazochelewesha kurudi nyuma. Mzunguko, hata hivyo, ni uleule: kugonga, kutupa ganda, kulaza nyundo, kupakia.

Sasa, nyundo imelala, risasi mpya imo chemba, na kidole bado kimekandamiza kifyatulio, kwa kuwa hakuna binadamu mwenye kidole chepesi kuliko mtambo huo. Kulabu ya kwanza haiwezi kuikamata nyundo, maana kidole kimeishikilia pembeni. Hapo ndipo kulabu ya pili inapofanya kazi. Inainasa nyundo na kuishika mpaka kidole kilegee, kisha inairudisha kwa kulabu ya kwanza. Mpiga risasi analazimika kuachia na kubonyeza tena. Bunduki ya namna hii ni SAR. Risasi moja kwa mbonyezo mmoja, na anayehesabu ni kulabu ya pili.

Katika bunduki yenye uchaguzi kuna wenzo mdogo ubavuni. Kwenye Kalashnikov uko kulia: ukiwa juu kabisa umefunga kila kitu, ukishushwa hatua moja ni mfululizo, ukishushwa chini kabisa ni moja moja. Kwenye G3 uko kushoto, na katika matoleo mengi ya zamani umeandikwa S, E na F, herufi za kwanza za maneno ya Kijerumani. Wenzo ukiwekwa kwenye mfululizo, kulabu ya pili inasogezwa kando isifike kwenye nyundo. Badala yake linabaki komeo la tatu, ambalo huishikilia nyundo mpaka bolti iwe imejifunga barabara nyuma ya risasi, kisha huiachia bila kukiuliza kidole. Kalashnikov hupiga takriban risasi 600 kwa dakika kwa mwendo huo. Magazini ya risasi 30 inaisha kwa sekunde tatu.

> Gesi, bolti, nyundo, magazini: vyote ni vilevile. Tofauti ya SAR na SMG ni nani anayeikamata nyundo.

Kuna namna ya tatu, ya kukata mfululizo vipande vipande. Jeshi la Marekani lilipotoa M16A2 katika miaka ya 1980, liliondoa mfululizo na kuweka gurudumu dogo la meno linalohesabu mpaka tatu na kusimama. Gurudumu hilo halina kumbukumbu nzuri. Askari akiachia baada ya risasi mbili, mbonyezo unaofuata hutoa moja tu, kwa sababu meno yanaendelea kuhesabu pale yalipoishia.

Majeshi yenyewe hayakuuamini wenzo

Mtu angedhani majeshi yaliupokea mfululizo kwa shangwe. Kumbukumbu zao zinasema vingine. Uingereza ilipoichukua FAL ya Ubelgiji katika miaka ya 1950 na kuiita L1A1, iliitoa kwa askari wake bila mfululizo. Wamarekani walipoleta M14 waliweka kizuizi kwenye bunduki nyingi ili wenzo usizunguke, kwa kuwa risasi yake ni kubwa na mtutu hupanda angani baada ya mipigo michache. Hiyo M16A2 ya kuhesabu tatu ilitokana na malalamiko kwamba vita vya Vietnam vilikuwa vimemeza risasi nyingi mno bila kumpata adui. Wakufunzi wa majeshi mengi hufundisha hivi hadi leo: moja moja kwa kulenga, mfululizo kwa dharura ya karibu au kumlazimisha adui alale chini. Mfululizo huisha haraka, hutawanya, na humwacha askari mikono mitupu akibadilisha magazini.

Ukisoma haya harakaharaka unaweza kuhitimisha kwamba mfululizo si hatari kuliko moja moja. Hitimisho hilo linasahau jambo moja. Udhaifu wa mfululizo ni udhaifu mbele ya adui aliyejificha mbali na anayejibu mapigo. Mbele ya watu waliojazana kanisani au darasani, wasio na bunduki, wasio na pa kukimbilia, kutawanyika kwa risasi hakumpunguzii mpigaji chochote. Kwa hiyo swali linaloihusu sheria ya raia haliwezi kuulizwa kwa vipimo vya uwanja wa vita. Linaulizwa kwa vipimo vya mahali ambapo upande mmoja tu ndio wenye silaha, na mahali hapo SAR, inayorusha kwa kasi ya kidole kinachocheza, haijaachwa mbali na SMG.

“Lakini waliuawa kwa panga”

Pingamizi zito kuliko yote linatoka Rwanda kwenyewe. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yanakumbukwa duniani kama mauaji ya panga. Kama ni hivyo, mtu atauliza, hizi kulabu na wenzo zina uhusiano gani na Gisozi? Takwimu kwa juu juu zinampa haki. Sensa ya waathirika iliyofanywa na serikali ya Rwanda miaka michache baadaye ilionyesha kwamba takriban asilimia 38 waliuawa kwa panga, na takriban asilimia 15 kwa bunduki. Rungu nazo ziliua wengi kuliko risasi.

Asilimia hizo zinaeleza mtu alikufa kwa nini. Hazielezi nini kilivunja uwezo wake wa kujitetea. Mchumi Philip Verwimp, aliyechambua orodha ya majina ya waliouawa katika mkoa wa zamani wa Kibuye, alionyesha kwamba bunduki ziliambatana hasa na mauaji makubwa, yale ya maelfu kwa siku moja mahali pamoja. Bisesero ni mfano unaojulikana. Juu ya kilima cha Muyira na vilima jirani, wafugaji wa Kitutsi walijikusanya tangu Aprili, wakapigana kwa mawe, fimbo na mikuki, wakawarudisha nyuma wenye mapanga kwa wiki nzima nzima. Jiwe na panga karibu vinalingana, hasa mwenye jiwe akiwa juu ya mlima. Kilichobadilisha hesabu ni mashambulizi ya tarehe 13 na 14 Mei, walipoletwa askari na wanamgambo wenye bunduki na maguruneti. Murambi, tarehe 21 Aprili, mpangilio ulikuwa huohuo: bunduki na maguruneti yalitangulia, mapanga yakafuata.

Upo ushahidi mwingine, ulioachwa na waandaaji wenyewe. Tarehe 30 Machi 1994, siku nane kabla ya mauaji kuanza, mkuu wa majeshi Déogratias Nsabimana alimwandikia waziri wa ulinzi kuhusu mpango uliopewa jina la ulinzi wa raia. Kwa kuwa bunduki hazikutosha, barua ilipendekeza wananchi wafundishwe kutumia mikuki, mapanga, pinde na mishale. Barua hiyo inastahili kusomwa polepole. Panga halikuchaguliwa kwa sababu lilikuwa bora. Lilichukua nafasi ya bunduki ambayo ghala halikuweza kuitoa kwa kila mtu. Anayesema bunduki hazikuwa na maana 1994 anabishana na watu waliozihesabu na kusikitika kwamba hazitoshi.

> Panga lilichukua nafasi ya bunduki ambayo ghala halikuweza kuitoa kwa kila mtu.

Na walikuwa wamezitafuta. Shirika la Human Rights Watch lilichapisha mnamo Januari 1994, kabla ya mauaji, ripoti iliyoeleza mkataba wa silaha kati ya Rwanda na Misri wa Machi 1992 wenye thamani ya dola milioni 6, na ununuzi mwingine kutoka Afrika Kusini mwaka huohuo wa karibu kiasi hicho. Katika mzigo wa Afrika Kusini zilikuwamo risasi za R-4, bunduki ambayo ukiifungua utakuta ndani yake mtambo wa Kalashnikov uliopitia Israel.

Michoro sita ya mahakama

Tuje kwa wanaokubali kwamba rashasha ikatazwe lakini SAR iachwe. Nchi iliyojaribu hivyo kwa muda mrefu ni Marekani. Sheria yake ya mwaka 1934 inaitambua rashasha kwa mtambo: ni bunduki inayotoa zaidi ya risasi moja kwa tendo moja la kifyatulio. Tangu 1986 raia hawaruhusiwi kununua rashasha mpya. Mstari huo ni safi, wa kifundi, umepita katikati ya kulabu ya pili hasa, na kwa miongo kadhaa ulionekana kutosha.

Kisha ikaja Las Vegas, tarehe 1 Oktoba 2017. Mtu mmoja, akitumia bunduki za moja moja zilizofungwa kitako maalumu kinachotumia mtikiso wa bunduki kuchezesha kifyatulio dhidi ya kidole, alipiga zaidi ya risasi elfu moja kwenye umati wa tamasha ndani ya dakika kama kumi. Serikali ilikitangaza kitako hicho kuwa rashasha. Tarehe 14 Juni 2024 Mahakama ya Juu ilitengua tangazo hilo, na hukumu yake ikachapishwa pamoja na michoro sita ya kifyatulio, nyundo na kulabu, kuonyesha kwamba kila risasi, hata kwa kasi ile, ilitanguliwa na tendo lake la kifyatulio. Kifundi, majaji walio wengi walikuwa na hoja. Hilo ndilo tatizo. Sheria iliyochorwa kuzunguka kulabu huishia kujadili kulabu, na anayekufa uwanjani hana nafasi katika mchoro.

New Zealand iliruka mtego huo Aprili 2019, wiki chache baada ya waumini 51 kuuawa katika misikiti miwili ya Christchurch, kwa kuwakataza raia bunduki nyingi zinazojipakia zenyewe. Ulimwengu uliisifu kama hatua ya ujasiri. Nairobi ilikuwa imeandika hivyo miaka 15 kabla, bila shangwe yoyote, na ni haki kulisema hilo kwa kuwa ukanda huu haupewi sifa mara nyingi katika habari za bunduki.

Mfugaji na mwokoaji

Wapinzani wa Afrika Mashariki wana hoja nyingine, tena ya kuheshimika kuliko ya Wamarekani. Mfugaji wa Turkana au Karamoja anauliza: polisi wako mbali, wezi wa ng’ombe wana SMG, nami nijitetee kwa gobore? Swali ni la kweli, lakini historia ya Karamoja inalijibu kwa ukali. Aprili 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, ghala la silaha la Moroto liliachwa wazi na maelfu ya bunduki yakaingia mikononi mwa wafugaji. Aliyepata leo alimfanya jirani atafute kesho, na uvamizi wa mifugo uliokuwa ukifanywa kwa mikuki ukageuka vita. Upungufu wa polisi ni deni la serikali, na deni halilipwi kwa kumgawia kila mdai bunduki.

Kenya kuna mfano mwingine: shambulio la jumba la Westgate, 21 Septemba 2013, ambako raia wenye leseni waliingia kuokoa watu kabla vikosi havijajipanga. Walifanya hivyo kweli, na wanastahili heshima yao. Wengi wao walikuwa na bastola, silaha ambayo Itifaki haikuikataza bali inaitaka isajiliwe na kudhibitiwa. Westgate kwa hiyo haidhoofishi kifungu cha tatu.

Pingamizi la mwisho la upande huu ni kwamba karatasi haizuii risasi. Itifaki ilikuwa na umri wa wiki sita tu pale waasi wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi walipoingia Bukavu, mwanzoni mwa Juni 2004. Mashariki ya Congo bado kumejaa Kalashnikov. Lakini hakuna aliyetarajia kifungu cha sheria kimpokonye mwasi bunduki msituni. Kazi yake ni nyingine: kufanya ugawaji wa bunduki kwa raia uwe kosa wenyewe, linaloonekana na kuthibitika kabla ya mtu wa kwanza kufa. Mpango wa 1994 uliwahitaji wakuu wa mikoa, mameya, orodha za askari wa akiba na barua zenye tarehe. Ulijificha ndani ya utaratibu wa kiserikali na kujiita ulinzi.

Ghala la nani?

Linabaki pengo ambalo mtetezi wa Itifaki hana budi kulikubali. Bunduki nyingi zilizoua 1994 hazikuwa za raia. Zilikuwa za Kikosi cha Ulinzi wa Rais, za jeshi na za jandarmeri, na marufuku ya raia haigusi mtutu wa serikali. Ndiyo maana Itifaki hiyohiyo inazitaka nchi ziweke kumbukumbu za silaha za vyombo vyao vya dola, na kituo cha RECSA jijini Nairobi, kilichoundwa mwaka 2005 kuisimamia, kimekuwa kikizipatia nchi wanachama mashine za kugonga alama kwenye chuma cha bunduki za serikali. Alama hiyo haizuii wenzo kushushwa. Inachofanya ni kuifanya bunduki itakayokutwa mtaani iweze kutaja ghala ilikotoka.

Januari 1994 haikuhitajika hata alama. Tarehe 11, Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa mjini Kigali, alituma New York ujumbe wa faksi kuhusu mtoa habari kutoka ndani ya wanamgambo. Jiji lilikuwa tayari chini ya makubaliano ya eneo lisiloruhusiwa silaha bila idhini, na kamanda alieleza nia yake ya kuvamia ghala. Makao makuu yalimkatalia. Faksi yenyewe ilikuwa na hesabu kamili kama ya karani wa stoo: ghala moja lenye silaha zisizopungua 135, na bunduki nyingine 110 zilizokwisha kugawiwa, aina ya G3 na AK-47, zilizotolewa na jeshi la serikali. Kati ya hizo 110, mtoa habari alisema, 35 zilikuwa na risasi.